Tupeane uzoefu: kitenzi "confine" kilikukuta wapi?

Mama wa Chumbageni: Ndugu zangu, mwanangu wa kidato cha pili aliandika kwa Kiingereza kwamba mbuzi walikuwa "confined in a yard", yaani walifungiwa uani, mwalimu akalikata "in" na kuweka "to". Naomba uzoefu wenu juu ya kitenzi hiki kabla sijaenda shuleni.

Kibarua Mstaafu: Dada, umenitonesha kidonda. Tulikuwa vibarua katika meli iliyotia nanga hapa Tanga, na kwenye mfuniko wa tangi moja palibandikwa maneno "confined space". Msimamizi wetu alitueleza kuwa maana yake ni mahali pembamba, kwa hiyo akamchagua kijana mwembamba kuliko sote ateremke na ndoo na brashi. Ngazi ilikuwa na kutu hata viganja vyake viligeuka rangi ya matofali. Hakufika chini, tulisikia ndoo ikigonga chuma, kisha kimya. Mwenzake alikuwa ameshatia mguu ndani alipodakwa ukosi na baharia, ambaye alituzuia sote mpaka alipofika mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Kijana alitolewa akiwa hai. Baadaye tulielezwa kwamba hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 20.9, lakini chuma kinachoshika kutu ndani ya tangi lililofungwa huila, na upungufu huo hauna harufu. Kibao hakikuzungumzia wembamba kabisa, kwa maana hata tangi kubwa kama ukumbi huitwa hivyo, mradi hewa haipiti vizuri na mtu hatoki kwa urahisi.

Mkazi wa Makorora: Kweli tupu, hata visima huua namna hiyo.

Mwalimu wa Ngamiani: Poleni sana, ila turudi kwa mbuzi. Mwalimu yuko sahihi, kanuni ni "to".

Wakili wa Raskazone: Kanuni gani hiyo? Mgonjwa huwa "confined to bed" kwa kuwa hawezi kuondoka kitandani, si kwamba ameshonewa ndani ya godoro. Lakini ndege aliyezungukwa na nyaya ni "confined in a cage", na Waingereza wenyewe huandika hivyo. Mtoto arudishiwe alama yake.

Mwalimu wa Ngamiani: Mtihani hautungwi na mawakili.

Bibi wa Pangani: Waingereza wa zamani walisema "confinement" wakimaanisha uzazi, kana kwamba mama amefungiwa, ilhali sisi husema amejifungua. Mwambie mwanao aandike "limit", yaishe.

Wakili wa Raskazone: Bibi, shikamoo, lakini "limit" huwekewa kiasi, kama vile idadi ya mbuzi. Afadhali aandike kwamba walifungwa kamba.

Mkazi wa Makorora: Kibarua, yule msimamizi alichukuliwa hatua gani?

Kibarua Mstaafu: Alihamishiwa meli nyingine.