Naomba ushauri: nitajuaje kama kampuni iko imara kifedha kabla sijalipa malipo ya awali?

Mwenye Karakana (mleta mada)

Salaam wanajamvi. Ninaendesha karakana ndogo ya ushonaji, na baada ya kuweka akiba kwa miaka minne nimefikia hatua ya kuagiza mashine ya kudarizi yenye vichwa sita. Kampuni niliyoichagua huunda mashine kwa oda, na inataka nilipe asilimia 60 ya bei kabla haijaanza kazi, kisha nisubiri wiki 14. Nimefika kwao, nimeiona mashine ya aina hiyo ikidarizi mbele ya macho yangu, na sina shaka na ubora wake. Kinachoninyima usingizi ni jambo jingine: itakuwaje kampuni ikifilisika ndani ya wiki hizo 14? Nimepata kwa msajili wa makampuni nakala ya hesabu zao za mwaka zilizokaguliwa, lakini mimi ni fundi cherehani, si mhasibu. Naona wameandika faida, na ofisa wao wa mauzo ananiambia kuwa hiyo inatosha. Je, inatosha kweli? Wameniahidi punguzo la asilimia 8 nikilipa kabla ya Ijumaa.

Msomaji wa Hesabu

Ndugu mleta mada, haitoshi. Faida ya kwenye karatasi si fedha iliyoko benki. Kampuni inaweza kuandika mauzo leo na kulipwa baada ya miezi sita, na katika muda huo wote mishahara, kodi na wauzaji wa vipuri hawasubiri. Kinachoiangusha kampuni ni siku ile deni linapoiva na fedha ya kulilipa haipo, hata kama taarifa ya mapato inaonyesha faida.

Fungua ukurasa wa mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni. Chukua jumla ya mali za muda mfupi (fedha, madai kwa wateja na bidhaa za stoo), uigawanye kwa madeni yanayopaswa kulipwa ndani ya mwaka mmoja. Ukipata 1.5 au zaidi, kwa kawaida wana nafasi ya kupumua. Ukipata chini ya 1, ina maana kwamba madeni yaliyo karibu ni makubwa kuliko mali inayoweza kugeuzwa fedha kwa haraka. Kisha rudia hesabu hiyo baada ya kuondoa bidhaa zilizoko stoo, kwa sababu mashine iliyokaa stoo bila mnunuzi haiwezi kulipa mshahara wa mwisho wa mwezi. Fanya hivyo kwa miaka mitatu ikiwezekana, maana mwaka mmoja peke yake hauonyeshi kampuni inaelekea wapi.

Ukimaliza, nenda kwenye maelezo yaliyo nyuma ya hesabu, sehemu ambayo wengi huiruka, utafute mstari wa malipo ya awali ya wateja. Utaukuta upande wa madeni, kwa kuwa fedha yako ni deni lao mpaka siku utakapokabidhiwa mashine. Soma pia ripoti ya mkaguzi neno kwa neno. Hata hati inayoridhisha, yaani ile ambayo mkaguzi amezikubali hesabu, inaweza kuwa na aya inayosema kuwa yapo mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake.

Mdai wa 213

Jina ninalotumia hapa nililipata kwa uchungu. Nililipa nusu ya bei ya samani za ofisi kwa kampuni ambayo sitaitaja, na wiki ya tano simu zao zikaacha kupokelewa. Baadaye nilipokea barua ya mfilisi, ikiwa imeambatanishwa na orodha ya wadai, na mimi nilikuwa wa 213. Kabla yangu ilikuwapo benki iliyokuwa na rehani juu ya mitambo na majengo, zikafuata gharama za ufilisi wenyewe, wafanyakazi, na mamlaka ya kodi. Mbao zilizokusudiwa kwa meza zangu zilikuwa bado karakanani, lakini hazikuwa zangu, kwa sababu mkataba haukusema popote kwamba umiliki wake unahamia kwangu. Sikupata hata senti. Nakusihi sana, dada au kaka, usilipe kwa kukimbizwa na Ijumaa.

Mwenye Karakana

Pole sana, na ninashukuru kwa kunieleza kwa uwazi namna hiyo. Nimekaa na hesabu zao usiku kucha. Kwa kila 100 wanayodaiwa ndani ya mwaka wana 88 tu, na nikiondoa bidhaa za stoo inabaki 51. Mauzo ya miaka miwili yanakaribiana sana, lakini malipo ya awali ya wateja yameongezeka karibu mara tatu, huku fedha iliyoko benki ikipungua kwa nusu. Mkaguzi ametoa hati inayoridhisha, na aya ya mashaka sikuiona.

Msomaji wa Hesabu

Ulichokiona ni kikubwa. Malipo ya awali yanaweza kuongezeka kwa sababu njema, yaani oda zimeongezeka. Lakini hapo ungetarajia kuona fedha benki, au malighafi nyingi zaidi stoo. Ikiwa wateja wameleta fedha zaidi na bado salio limepungua, waulize fedha hizo zimekwenda wapi. Hofu yangu ni kwamba fedha ya mteja mpya inatumika kumalizia mashine ya mteja wa zamani. Waombe taarifa za karibuni, hata kama hazijakaguliwa, maana hizo ulizo nazo zinaeleza hali ya mwaka uliokwisha.

Ofisa Mikopo Mstaafu

Naunga mkono, na ninaongeza kwamba hati ya mkaguzi si kinga. Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi ya Uingereza, ilitoa hesabu zake za mwaka 2016 mnamo Machi 2017 zikiwa na hati inayoridhisha. Januari 2018 ikawa imeingia kwenye ufilisi.

Hilo punguzo nalo litazame vizuri. Anayekupa asilimia 8 ili apate fedha siku chache mapema anakopa kwako kwa gharama kubwa mno, na kampuni yenye sifa nzuri benki haina haja ya mkopo wa namna hiyo.

Kwa kuwa huwezi kuiona kesho ya kampuni, badilisha namna ya kulipa. Omba dhamana ya benki kwa malipo ya awali, ili kampuni ikishindwa, benki ikurudishie. Wakikataa, pendekeza fedha ikae kwenye akaunti ya wakili au ya mtu wa tatu mnayemkubali wote, au ulipe kwa awamu: kiasi kidogo mwanzoni, kingine fremu ikishaundwa na umeiona, na kilichobaki baada ya majaribio. Kwa msajili huyo huyo, uliza rehani zilizosajiliwa dhidi ya kampuni na tarehe zake. Rehani mbili au tatu mpya ndani ya miezi michache zinahitaji maelezo. Hakikisha pia kwamba jina la akaunti ya benki ni la kampuni yenyewe, wala si la mkurugenzi.

Mwenye Karakana

Nimewaandikia. Taarifa za karibuni hawakunipa. Kuhusu dhamana, wamejibu kuwa benki yao inakubali kuitoa ikiwa tu wataweka fedha taslimu sawa na kiasi chote cha dhamana, nao hawawezi.

Ofisa Mikopo Mstaafu

Kwa haki, benki huweza kuidai kampuni ndogo sharti hilo hata ikiwa nzima. Lakini benki hiyo huona kila kinachoingia na kutoka kwenye akaunti yao, na haikuwa tayari kuwadhamini bila fedha taslimu mkononi. Wewe unaombwa utoe asilimia 60 bila dhamana yoyote.

Mwenye Karakana

Nimeelewa. Ijumaa itapita bila mimi kulipa. Nimewapa pendekezo la asilimia 15, na sehemu ya pili nitakapoiona fremu ikiwa na namba yangu ya oda, huku mkataba ukisema kuwa fremu hiyo ni mali yangu tangu nitakapoilipia. Nawasubiri hadi mwisho wa mwezi, na wakati huohuo nimeomba hesabu za kampuni nyingine mbili.