Pesa za kanisa zimezuiwa benki: jirani niandike ni nani?

Kutoka: Mama Tumaini (Leicester)
Jumatatu, 9 Machi 2026

Hamjambo ndugu zangu. Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana Yesu asifiwe kwa wale wa upande wa pili, nisije nikaambiwa nabagua.

Nina kesi na benki. Nataka anijibu mtu aliyewahi kupitia, si maombi tu, ingawa maombi nayo nayapokea.

Mnaujua ule mchango wa ibada yetu ya Kiswahili hapa, kwa ajili ya kile kikanisa cha nyumbani Unguja, nje kidogo ya mji. Zimepatikana pauni 1,860. Wametoa Waanglikana, Wakatoliki, KKKT, na kaka mmoja wa TAG, wale Assemblies of God, katoa mia mbili peke yake. Nikatuma Jumanne, Jumatano zikazuiwa. Nimekaa kwenye simu dakika hamsini nasikiliza kinanda, mwisho kaja kijana ananiambia wanataka mgawanyo wa matumizi.

Nikawapa kama kamati ilivyoniandikia kwa WhatsApp: fundi bati, fundi umeme wa taa za nje, na zilizobaki ni za operesheni ya jicho la Ba Khamis. Hapo ndipo palipoharibika. Ba Khamis ni Muislamu, jirani wa kanisa. Jina lake ni la kawaida, ukiliita sokoni Darajani wanageuka watu kumi. Kompyuta yao imelifananisha na la mtu wao wanayemtafuta, sijui wa nchi gani. Sasa wameniletea fomu. Swali la 7: "Mpokeaji ana uhusiano gani na kanisa?" Visanduku ni mfanyakazi, mkandarasi, muumini, mwanafamilia wa kiongozi, nyingine. Jirani hamna.

Tena wanataka tarehe ya kuzaliwa. ZanID yake, kile kitambulisho cha Mzanzibari, inasema 01/01/1946, na nyote mnajua maana ya 01/01: siku yenyewe haijulikani.

Swali langu ni moja: kwenye swali la 7 niweke nini?

---

Kutoka: Dada wa Mkunazini (Reading)
Jumatatu, 9 Machi

Pole mama. Hizi benki zina lao jambo. Mimi zilizuiwa pesa za msiba wa baba yangu, mpaka arubaini imepita. Wakati ule BRP, ile kadi ya ukaazi, imeshakufa, eVisa ya mtandaoni inasoma pasipoti ya zamani, nikitoa share code ya kuithibitisha inamwonyesha mtu mwenye jina langu na picha ya mwaka 2014. Nikaambiwa niende tawini. Tawi limefungwa, sasa ni duka la kahawa.

Ushauri: usitume kwenye akaunti ya katekista. Tuma dayosisi, wao wapeleke.

---

Kutoka: Mama Tumaini (Leicester)

Dada, sikutuma kwa katekista. Nimetuma dayosisi. Soma vizuri.

---

Kutoka: Dada wa Mkunazini (Reading)

Hukuandika dayosisi popote. Nimerudia mara mbili.

---

Kutoka: Mzee wa Mbweni (Toronto)
Jumanne, 10 Machi

Wanangu, msigombane. Tatizo mnalitafuta sipo. Benki yoyote ya nje inataka cheti cha usajili wa wadhamini wa kanisa. Mwambieni katibu wa dayosisi achukue RITA, kwa wakala wa usajili na udhamini, nakala iliyogongwa mhuri, aipige picha, aitume. Siku tatu pesa zinatoka. Hapa Kanada tulifanya hivyo tulipopeleka vinanda viwili, na forodhani wakatudai kana kwamba tumeleta meli.

---

Kutoka: Kaka wa Welezo (Aarhus)

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo unampoteza mama wa watu. RITA ni ya bara. Unguja kuna Mrajis wa Jumuiya. Mambo ya dini hayamo kwenye orodha ya Muungano. Ukimpa Mzungu karatasi ya RITA yenye anwani ya bara ilhali pesa zinakwenda Unguja, atakuuliza: hizi ni nchi ngapi? Na wewe utamjibu nini? Sisi wenyewe tangu 1964 hatujakubaliana jibu.

Hapa Denmark ndiyo usiseme. Bila CPR, namba ya mkazi, na MitID, kitambulisho cha mtandaoni, huna uhai, hata kuku hununui.

---

Kutoka: Mzee wa Mbweni (Toronto)

Marahaba. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya fedha ya kanisa wewe hujaota meno. Kuna makanisa wadhamini wao wako bara na yana matawi Unguja. Ndiyo maana nikasema RITA.

---

Kutoka: Kaka wa Welezo (Aarhus)

Ndiyo maana na mimi nikasema atauliza nchi ngapi.

---

Kutoka: Msimamizi wa orodha

Muungano tunauacha nje ya mlango kama viatu. Oktoba iliyopita, intaneti ilipokatwa nyumbani kuanzia siku ya uchaguzi, tulitukanana humu mpaka watu sita wakajitoa. Ahsanteni.

---

Kutoka: Dada wa Mkunazini (Reading)

Msimamizi, siku zile hatukutukanana kwa kupenda. Mama yangu yuko peke yake, simu haiingii, nalala nimeivaa kama hirizi. Aliyenipa habari zake ni mke wa mchungaji wa KKKT, kwa mtu wa Mombasa, na sisi si wa KKKT hata kidogo. Alikuwa kapita nyumba kwa nyumba kwa wazee wanaoishi peke yao, wa kanisani na wasio wa kanisani, kaandika majina kwenye daftari la mwanawe la hesabu. Alinitumia picha ya ukurasa. Juu kuna jedwali la saba, chini jina la mama: "mzima, anataka dawa ya presha."

Mama Tumaini, samahani kwa lile la dayosisi. Lakini kwa nini mmemtia Ba Khamis kwenye orodha ya kanisa? Si mngemchangia pembeni, mambo yakawa mepesi?

---

Kutoka: Mama Tumaini (Leicester)
Jumatano, 11 Machi

Nakueleza kwa sababu wewe ulikwisha ondoka.

Mei 2012, zile vurugu za baada ya kukamatwa watu wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu. Ilikuwa Jumamosi na kesho yake Pentekoste. Tuko kanisani wanawake wanane, tunafunga makuti na kupanga maua, mara harufu ya matairi. Simu zikaanza: kanisa fulani linawaka, watu wanakimbia. Mchungaji yuko Dar. Tukafunga milango, tukakaa chini ya madirisha, watoto tunawaziba midomo.

Baada ya isha tukasikia kitu kinaburuzwa barazani. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Ni Ba Khamis, na kitanda chake cha kamba. Kakiegesha kukingama mlango mzima, katandika mkeka, kaweka redio kichwani na bakora ubavuni, kalala. Hakutugongea wala hakutwambia neno.

Vijana walifika saa nne usiku. Sikuwahesabu, niliona miguu tu. Mmoja akasema, "Ami, ondoka hapo." Akajibu, "Ndani kwangu joto. Hapa napata upepo. Wewe, mamako anajua uko wapi saa hizi?" Kisha akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Wengi wao alikwisha wasomesha chuoni, Qur'ani. Yule aliyeshika dumu akalirudisha nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Alilala pale usiku kumi na moja. Mkewe alikuwa akimletea uji, na tulipoanza kufungua mlango ukawa uji wa watu tisa.

Wale TAG jengo lao lilipochomwa tukawakaribisha kwetu. Sisi saa moja, wao saa nne, na magitaa yao. Ugomvi wa magitaa ulitutesa kuliko ule wa nje, wallahi. Wazee wetu walisema nyumba ya Mungu imekuwa dansi. Ilichukua mwaka na nusu wakapata pao. Kaka aliyetoa mia mbili ni mtoto wa mpiga gitaa.

Halafu dayosisi ikatujengea ukuta. Ba Khamis akanuna mwezi mzima: "Mumejenga, mie kisimani nipite wapi?" Njia yake ya mkato ilikuwa uani kwetu. Ikabidi ukuta utobolewe, ukatiwa kijilango, na ufunguo mmoja anao yeye mpaka leo.

Kwa hiyo dada, kamati haikumtia. Hakutoka.

---

Kutoka: Mzee wa Mbweni (Toronto)

Nimesoma mara mbili, miwani imeingia ukungu.

Hofu kwetu si ngeni. Sisi wa Mbweni babu zetu walishushwa kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa, wakapewa na misheni mahali pa kukaa. Waliposali Mkunazini walikanyaga mlemle walimouzwa, maana kanisa lile lilijengwa 1873 juu ya soko lenyewe. Watu wa namna ile unawatisha na nini? Lakini 2012, alipouawa Padri Mushi, hata mimi huku mbali nililala na taa.

---

Kutoka: Kaka wa Welezo (Aarhus)

Masahihisho mawili, kwa heshima. 1873 ndio mwaka soko lilifungwa na jiwe la msingi likawekwa. Ujenzi wenyewe Askofu Steere alihangaika nao miaka, na alipofariki 1882 wakamzika nyuma ya altare.

Na Padri Evarist Mushi aliuawa 17 Februari 2013, Jumapili asubuhi, Mtoni, akienda kusalisha misa. Wa 2012 ni Padri Ambrose Mkenda, alipigwa risasi siku ya Krismasi, akapona. Septemba 2013 padri mwengine alimwagiwa tindikali. Haya nayajua kwa sababu misa nyingi za miezi ile nilikuwa mlangoni. Vijana tulipeana zamu: wawili wa kwaya, wawili wa TYCS, wanafunzi Wakatoliki, na mmoja wa Kiislamu, jirani yetu, anayewajua wapita njia. Mikoba yote tukiikagua. Bibi mmoja alinipiga kofi nilipofungua wake, nikakuta maandazi.

Ila watu husahau kwamba kabla yake alikwisha mwagiwa tindikali Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, Novemba 2012. Waliotuandama sisi waliwaandama na wao. Wachungaji wetu walikwenda kumjulia hali, na Mushi alipozikwa masheikh walikuja. Walishazoeana kwenye vikao vya ZANZIC, kituo cha mahusiano ya dini, tulivyokuwa tukivicheka kwamba ni vya kunywa soda.

---

Kutoka: Mzee wa Mbweni (Toronto)

Sawa. 2013. Mtu ukifika miaka 78 na wewe utachanganya.

---

Kutoka: Mpemba wa Banani (Muscat)
Alkhamisi, 12 Machi

Nyinyi wa Unguja mnasimulia kana kwamba Pemba hakuna Wakristo. Sisi wa Banani ni watu wa misheni ya Wakweka, yaani Kanisa la Marafiki, iliyoanza 1897, mwaka uleule amri ya kufuta utumwa ilipotolewa visiwani. Kwetu ibada mnakaa kimya saa nzima. Ukuta wa kutuzunguka hatujawahi kuwa nao. Tuna mikarafuu.

Septemba 2011, ilipozama Spice Islander ikienda Pemba, kijijini kwetu hapakuwa na nyumba isiyoguswa. Shangazi yangu alikuwa Unguja, alikwenda Maisara kunakolazwa maiti. Anasema alikuta wanawake wa WAWATA, wale Wakatoliki, na wa Anglikana wamebeba khanga mpya, wanafunika watu. Mmoja alimfungulia khanga yake mwenyewe ya kiunoni, akabaki na gauni la ndani, akakaa chini kulilia maiti asiyemjua.

Huku Oman makanisa yetu ya Ruwi yako kwenye ardhi aliyotoa Sultani. Ibada zetu kubwa ni Ijumaa. Wahindi wakitoka wanaingia Wafilipino, na sisi Waswahili tunasubiri chumba. Kiyoyozi chetu kilipokufa mwezi wa Julai, Wamalayali, Wahindi wa Kerala, walitupa saa zao wakasali saa kumi na moja alfajiri. Hatukuwaomba.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja. Mimi na mwenzangu wa Wete tunayepanga naye tunafunga pamoja, tunafungulia pamoja. Yeye anapika tambi za nazi, mie muhogo. Hakuna nazi ya maana Muscat, mnisamehe.

---

Kutoka: Dada wa Mkunazini (Reading)

Usinitajie tambi. Nimekula mkate wa duka siku ya tatu hii. Nani anajua Reading au Slough wanakouza boflo la kweli?

---

Kutoka: Kaka wa TAG (Coventry)
Alkhamisi, 12 Machi, usiku

Jamani mimi ndiye mtoto wa mpiga gitaa. Baba anawasalimu. Anasema magitaa hayakuwa na sauti kubwa, spika za kanisa ndizo zilikuwa mbovu.

Mama Tumaini, swali la 7 mimi nilikwisha lijaza mwaka jana, benki nyengine lakini fomu ndiyo ileile. Niliweka "nyingine". Wakanifungulia fomu ya kurasa sita. Ukurasa wa nne wanauliza kanisa linapata faida gani kwa kumlipa mtu huyo. Niliacha wazi wakarudisha, nikaandika "amani" wakarudisha tena. Mwisho pesa zikarudi kwangu, pungufu ya pauni 25.

Ukiweka "muumini"?

---

Kutoka: Mama Tumaini (Leicester)
Ijumaa, 13 Machi

Muumini siwezi. Ni uongo, na akijua atanichapa kwa bakora ileile.

Kanipigia jana baada ya futari, jicho moja halioni tena mlango wa kisima, anapapasa ukuta. Kasikia benki imezuia. Anasema zikitoka zote ziende kwenye bati, masika yanaingia, jicho lingoje. Nimemwambia aniachie mimi. Kaniuliza kama Leicester kuna upepo.

Fomu mwisho Jumatatu saa kumi na moja jioni. Kama kuna mwenye mtu anayefanya kazi benki aniandikie pembeni.

---

Kutoka: Mzee wa Mbweni (Toronto)

Hilo bati ni fundi yupi? Kama ni yule mwenye pikipiki nyekundu, msimpe zote kwa mpigo.