Donati za hamira zinanyonya mafuta na aisingi inateleza, tatizo liko wapi?

binti_kigamboni: Habari za jioni wapendwa. Nataka kupika donati za hamira zile laini za aisingi niwauzie watu wa mtaani. Ladha ipo ila zinanyonya mafuta mpaka vidole vinateleza, halafu aisingi nikipaka inashuka yote kwenye sahani. Unga nusu kilo, hamira kijiko cha chai kilichojaa, sukari, yai moja, siagi kidogo na maziwa ya uvuguvugu, nakanda kama wa maandazi, naacha uumuke saa moja, nakata natia kwenye mafuta hapo hapo. Na aisingi shuga dukani kwetu haipatikani kila mara, mnafanyaje?

mama_wawili: Dada vipimo viko sawa, shida ni hapo kwenye "nakata natia kwenye mafuta". Donati inaumuka mara mbili. Ukishakata weka kila moja juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea, funika kitambaa chepesi, dakika 30 mpaka 40, kwa joto la Dar hata 25 zinatosha. Gusa ubavuni kwa kidole, pakibonyea na kurudi polepole ziko tayari, pakirudi fasta bado, pasiporudi kabisa zimepitiliza na hizo zinanyonya mafuta balaa na kusinyaa zikitoka. Ziingize na karatasi yake, ikijiachia itoe na koleo, maana ukizibeba kwa mikono hewa yote inatoka. Ukiona mstari mweupe umeizunguka katikati ujue hiyo imeumuka vizuri. Halafu unga usiwe mgumu kama wa maandazi jamani, unatakiwa unate kidogo mkononi, kanda dakika 10 na usiongeze unga!!

jikoni_tu: Naongezea kwenye mafuta. Yanatakiwa nyuzi 175 hadi 180. Kama huna kipimajoto chovya kijiti cha mshikaki, povu dogo dogo likipanda kukizunguka tia, yakianza kutoa moshi punguza. Watu wanaogopa kuunguza wanaweka moto mdogo, sasa mafuta yakiwa na joto dogo donati inakaa humo muda mrefu inakunywa tu. Kila upande kama dakika moja, na usijaze karai kwa sababu kila ukitia joto linashuka. Maziwa nayo yasiwe ya moto, yakifika nyuzi 60 hamira inakufa.

mpwani_msa: Niko Mombasa, hapa aisingi naijua vizuri. Hiyo yako ni nyepesi, na pengine unapaka donati ikiwa bado inachuruzika mafuta. Aisingi shuga gramu 200, maziwa vijiko 3 vya mezani, vanila kidogo, koroga mpaka ukiinua kijiko ianguke kama utepe. Donati ikitoka iweke kwa wavu wa waya dakika mbili tatu, ikiwa vuguvugu ichovye upande mmoja uirudishe kwa waya, chini uwe na sinia. Kwa sahani inatoa jasho chini na aisingi inalowa. Kama huna aisingi shuga saga sukari ya kawaida kwa blenda kavu kabisa mpaka iwe vumbi, kikombe kimoja kwa kijiko kimoja cha kornflawa, uchunge. Kuna watakaokwambia tumia shira ya kaimati, mimi sikushauri, shira kwa kaimati ni tamu sana lakini donati inaingia mpaka ndani inailowesha. Na siku za mvua aisingi haikauki haraka, usiwahi kuzifunika.

binti_kigamboni: Mungu awabariki, nimeelewa sana. Za kuuza asubuhi naweza kukanda usiku?

mama_wawili: Tena ndio vizuri mpendwa. Ukimaliza kukanda funika uweke kwenye friji usiku kucha, asubuhi sukuma ukiwa wa baridi hivyo hivyo, unakatika safi. Ila kuumuka kwa pili kutachukua kama saa nzima, sasa kama wateja wako ni wa saa moja asubuhi uamke alfajiri.