Kipupwe hiki: Marangu, Meru au Lushoto? Kundi lina wazoefu na wageni wa mlima

MtuWaPwani (mtoa mada)
Wakuu habari zenu. Tuko watano kutoka Dar, tunataka kupanda mlima mapumziko ya Nane Nane. Wawili wanakimbia marathoni, wanataka kwenda juu kadiri inavyowezekana. Wawili hawajawahi kupanda hata kilima. Wa tano ni shangazi yangu, ana miaka 58, mtembeaji mzuri ila magoti humuuma akiteremka. Tumebaki na Marangu hadi Mandara, Mlima Meru, au Lushoto. Ipi itatufaa wote?

Kibosho_kwetu
Karibuni Kilimanjaro. Geti la Marangu liko kama mita 1,860 na vibanda vya Mandara viko mita 2,720. Ni kilomita nane hivi ndani ya msitu, mwendo wa saa tatu hadi nne kwa pole pole ya kweli. Njia imetengenezwa vizuri na mbega mnawaona juu ya miti. Ukishafika Mandara, robo saa tu uko kreta ya Maundi, na wingu likifunguka unaviona vilele vya Kibo na Mawenzi kwa pamoja.

Jambo moja watu wa Dar hulisahau: mwezi wa saba na wa nane mvua kubwa hazipo, lakini msitu ule hushinda na ukungu na manyunyu. Bila koti la mvua utafika Mandara umelowa, na kulala na baridi ile ukiwa umelowa ni mateso.

Nyayo_za_Meru
Kwa hao wakimbiaji, Meru ni mlima mtamu kuliko wote nchini. Mita 4,566, na kuanzia geti la Momella mnaongozana na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Siku ya kwanza mnalala vibanda vya Miriakamba, ya pili vya Saddle kwenye mita 3,570, na jioni hiyo mwenye nguvu anapanda kilele kidogo cha jirani, Meru Ndogo, mita 3,820. Kwenda kileleni mnaondoka Saddle saa saba au saa nane usiku.

Ila mkuu, shangazi usimpeleke huko. Shida yake ni kuteremka, na kutoka Saddle hadi getini ni mteremko wa mita elfu mbili hivi, sehemu nyingi ngazi na vumbi linaloteleza. Akichoka katikati hawezi kujirudia peke yake, maana bila askari hutembei. Kundi la kugawanyika Meru linahitaji mipango mapema sana.

Nesi_Mstaafu
Naomba niwaseme hao wanaokimbia. Mapafu ya marathoni hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Nimeona vijana wenye nguvu ndio wanaoumwa kwanza, kwa sababu wanapanda haraka na hawataki kusema kichwa kinauma. Juu ya mita 2,500, kichwa kikiuma, ukasikia kichefuchefu, chakula hakipiti, hupandi tena mpaka utulie. Ikizidi unateremka hapo hapo, hata usiku. Kuanza kupepesuka au kukosa pumzi ukiwa umekaa ni hatari ya kufa. Mwambieni gaidi, yaani mwongozaji wenu wa mlimani, ukweli kila asubuhi.

Binti_Lushoto
Lushoto mwezi wa nane ni baridi tupu, sweta mchana kutwa, na mwinuko haumdhuru mtu. Mnatembea kupitia mashamba na vijiji mpaka Irente, mnaiona nyika ya Wamaasai chini kabisa. Shangazi akichoka, bodaboda inamfuata hapo alipo. Lakini wakimbiaji watamaliza kabla ya saa sita mchana.

MtuWaPwani
Asanteni sana. Nimeelekea Marangu. Je, wakimbiaji wanaweza kuendelea mbele sisi tukabaki?

Kibosho_kwetu
Wanaweza, na ndiyo sababu naipenda njia ile kwa kundi kama lenu. Usiku wa kwanza laleni wote Mandara. Kesho yake wawili wanapanda Horombo, mita 3,720, wanalala huko. Nyie mnakwenda Maundi asubuhi, mnateremka taratibu, mnawasubiri Marangu na kutembelea maporomoko ya Kinukamori. Shangazi apewe fimbo mbili na ashuke akiwa amepumzika. Iambieni kampuni mapema kwamba mnahitaji magaidi wawili na wagumu (wapagazi) wa kutosha kila upande, msije mkagundua getini kwamba gaidi ni mmoja.

Nyayo_za_Meru
Naunga mkono, Meru itawasubiri hao wawili. Wa Horombo wabebe glovu, kofia ya sufu na tochi ya kichwani. Simu na betri walale nazo ndani ya mfuko wa kulalia, baridi huzimaliza chaji. Na kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA, ada ya Mtanzania ni tofauti kabisa na ya mgeni.

MtuWaPwani
Nimeelewa. Leo naongea na kampuni kuhusu magaidi wawili, na shangazi ameshaanza kushuka ngazi za ghorofani kwetu na fimbo zake.