Tupeane uzoefu: hadithi za mabinti wasiosubiri kuokolewa

Mama Tabata (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Juzi huku kwetu umeme ulikatika tangu magharibi, simu hazina chaji, TV imenyamaza. Mwanangu wa miaka 7 akadai hadithi. Nikamtolea ile ya binti mfalme aliyelala miaka 100 mpaka akaja mwana wa mfalme. Nimemaliza, ananiuliza: "Mama, sasa huyo dada yeye alifanya nini?" Nikatafuta jibu, sina. Alilala tu, basi. Nikahamia kwa sungura, akagoma. Sungura kamchoka.

Naomba mnipe zenu, za hapa au za ng'ambo, ambazo binti mwenyewe ndiye mwenye kazi. Semeni na mlisimuliwa na nani. Za katuni msilete, hizo kazimaliza zote.

Mjukuu wa Kilwa
Bibi mzaa mama alitoka Kilwa akaja kukaa nasi Magomeni. Mchana hasimulii, anasema utaota mkia. Usiku mkeka uani, "Paukwa!", na mkiitikia "Pakawa" kivivu anajifanya kalala.

Yake kubwa ilikuwa ya binti aliyesahau kombe lake kwenye mwamba pwani. Wenzake wakakataa kumsindikiza, akarudi peke yake, zimwi likamkamata likamtia ndani ya ngoma. Likawa linazunguka vijiji: likipiga, binti anaimba, watu wanashangaa ngoma gani hii, wanalilisha linashiba.

Hapa ndipo wasimulizi wanapoachana. Wengine watakwambia zimwi lilifika kijijini kwao kwa bahati, mama akaitambua sauti. Bibi bahati alikuwa haitaki kabisa. Kwake yeye, tangu kijiji cha kwanza binti alitia kwenye wimbo jina la mama yake, na mkungu ulioko mlangoni kwao, na kisima chao, ili popote atakapofika awepo wa kusikia. Zimwi likanyweshwa pombe likalala, binti akatolewa, ngoma ikajazwa nyuki na nyoka, ikafungwa vilevile kama ilivyokuwa. Asubuhi likaondoka nayo!

Sehemu ya binti Bibi aliiimba kajifunika khanga gubigubi, kasauti kembamba kinatokea humo ndani. Khanga ndiyo ngoma. Mpaka leo nikiona mtu kajifunika hivyo nasubiri aanze kuimba.

Bajaji ya Buza
Nipo siti ya mbele. Endeleeni, nakusanya za kupeleka nyumbani.

Mwalimu Mstaafu
Mleta mada, Mulan bila shaka mwanao kamwona kwenye katuni, ila mwambie asili yake ni shairi la kale la Kichina. Alikwenda vitani badala ya baba yake, akakaa miaka 12, wenzake wasijue ni mwanamke. Na shairi linamalizia kwa sungura, samahani: sungura wawili wakikimbia bega kwa bega, nani atakwambia yupi dume na yupi jike?

Darasani lakini nilikuwa natumia nyingine, ya Li Ji. Imeandikwa na Gan Bao, huko huko China, karne ya 4. Kulikuwa na joka mlimani, kila mwaka linataka msichana wa miaka 12 au 13. Maofisa walikuwa wakichukua mabinti wa watumwa na wa wahalifu, wameshaliwa 9. Li Ji alikuwa wa mwisho katika mabinti 6, akajitolea mwenyewe. Wazazi wakakataa, akatoroka. Akaomba upanga mkali na mbwa. Mbele ya pango akaweka madonge ya wali yaliyotiwa asali. Joka likanusa, likatoka, likashughulika na wali. Akamwachia mbwa, naye akazunguka kwa nyuma na upanga.

Kisha akaingia pangoni akatoka na mafuvu 9, akayaambia kuwa woga wao ndio uliowaponza. Hapo huwa naruka. Marehemu hawasemwi.

Mzee wa Kigamboni
Mimi nilisoma Urusi, enzi hizo bado Umoja wa Kisovieti. Bibi mmoja mhudumu wa bweni alitusimulia ya Vasilisa na Baba Yaga. Mimi Mswahili nasikiliza habari za "baba", kumbe ni bibi kizee mchawi! Nyumba yake imesimama juu ya miguu ya kuku, ua ni wa mifupa ya watu.

Vasilisa alitumwa huko na mama wa kambo kuomba moto. Alikuwa na kidoli alichoachiwa na marehemu mama yake. Anakilisha kwanza, halafu anakieleza shida zake. Wenzangu walisema kidoli ndicho kilichofanya kazi zote. Sawa, lakini nani aliyekumbuka kukipa chakula huku mwenyewe ana njaa?

Nyundo
Wote hao mwisho wanaolewa na wafalme. Shujaa gani?

Mjukuu wa Kilwa
Wa kwenye ngoma alirudi kwa mama yake, mkuu. Soma vizuri.

Mama Tabata (mleta mada)
Mrejesho. Jana umeme ulikuwepo, nikazima taa mwenyewe. Ya ngoma kaipenda sana. Kwenye wimbo nimeingiza duka la Mangi na kituo chetu cha daladala, sasa anauimba mpaka bafuni. Kwa Baba Yaga alicheka mpaka akapaliwa.

Ya joka kasikiliza kimya (mafuvu na mimi nimeyaruka). Nikamwambia mfalme akamwoa Li Ji, baba yake akapewa cheo, mama na dada zake wakapewa zawadi. Akauliza: "Na mbwa?"

Mwalimu, nisaidie.

Mwalimu Mstaafu
Mbwa hakupewa kitu. Na miaka yote niliyofundisha hakuna mwanafunzi aliyeniuliza.

Mama Tabata (mleta mada)
Basi ameshaamua mwenyewe. Anasema joka halikumaliza wali.