Kikundi cha familia: sahani ya Rehema

Mama Mkubwa: Asalaam aleikum wanangu. Jana nimetoka Pongwe mpaka kwa Rehema na pilau yangu na juisi ya ukwaju. Kaonja vijiko viwili akasukuma sahani. Juisi hakuigusa kabisa. Nyie huyu mtoto mnamlisha nini? Nimerudi kwenye daladala nalia.

Rehema: Waaleikum salaam. Shikamoo Mama Mkubwa. Sikuisusa pilau yako. Kijiko cha pili kilikwama hapa kifuani kikagoma kushuka, na ulipotoka tu nikatapika. Nilijikaza kwa sababu sikutaka uone.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Kumbe nimekuumiza.

Rehema: Hujaniumiza mama. Ila naomba niseme leo hapa hapa, wote mnisikie, maana Jumamosi ni harusi ya Zuleikha na nimeanza kuogopa kuja.

Mama Zuleikha: Uogope kuja kwenye harusi ya mwanao?

Rehema: Dada, najua itakavyokuwa. Kila nitakapokaa nitaambiwa kula, ongeza, mbona hujamaliza. Nikigeuka upande wa pili naambiwa ulikatwa tumbo ili upungue uzito, lakini mbona bado uko vile vile. Yote mawili nimeshayasikia mtaani, na watu wa kwanza kuyasema ni wa humu ndani. Sisemi kwa ubaya.

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. Ndiyo nimetoka zamu ya usiku, nimesoma yote. Da Rehema, tuanze na hilo la kutapika. Leo maji yanakaa? Homa? Moyo hauendi mbio?

Rehema: Maji yanakaa. Homa hakuna. Asubuhi nimekunywa supu ya samaki changu, nikala na yai la kuchemsha nililoliponda. Vyote vimetulia.

Mwanaidi: Alhamdulillah. Kutapika mara moja kwa sababu ya wali hakunishangazi. Lakini kila mtu humu alijue hili: akitapika mfululizo na maji yasikae, au akipata homa, moyo ukaenda mbio, tumbo likauma mpaka maumivu yakapanda begani, msisubiri kupambazuke na msimpe maji ya tangawizi. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Na kutapika kukiendelea kwa siku kadhaa kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini. Ikiisha inadhuru mpaka macho na ubongo.

Mama Mkubwa: Subhanallah. Hebu nesi wangu nieleze mie mtu mzima. Huko ndani wamemfanya nini hasa?

Mwanaidi: Mfuko wa tumbo umekatwa kwa urefu, sehemu kubwa ikatolewa, zaidi ya robo tatu. Kilichobaki ni chembamba, umbo lake kama ndizi. Ile sehemu iliyotolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, inaitwa grelini, kwa hiyo miezi hii njaa ile tunayoijua sisi yeye haisikii. Hasusi, Mama Mkubwa. Hana njaa kweli. Na kidonda cha ndani kinapona taratibu, ndiyo maana alianza na vya maji maji tu, kama wiki mbili, vikafuata vya kusagwa, sasa yuko kwenye vyakula laini. Wali, ugali, chapati na mkate vinavimba na kushikana, vinaziba pale pale. Nyama ngumu ya kuchoma ndiyo asiisogelee kabisa kwa sasa.

Mama Mkubwa: Na ukwaju? Si maji maji ule?

Mwanaidi: Ni maji yenye sukari mama. Yanapita upesi, hayashibishi, yanarudisha uzito. Halafu hanywi kitu pamoja na chakula. Nafasi yenyewe ndogo, akijaza maji mahali pa samaki patatoka wapi? Akimaliza kula anasubiri nusu saa ndipo anywe. Maji anayanywa kwa mafunda madogo kutwa, apate angalau lita moja na nusu. Kugugumia glasi nzima kama zamani hawezi tena.

Mama Zuleikha: Basi anaweza kula nini? Mimi nina wapishi, nataka orodha nisije nikakosea.

Mwanaidi: Cha kwanza kwenye sahani yake ni protini. Anatakiwa apate gramu 60 mpaka 80 kwa siku, na kwa tumbo lile ni kazi. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa au mtindi kama 8. Kwa hiyo samaki laini asiye na miba, mayai, mtindi usio na sukari, maharage au choroko zilizopondwa bila ganda, dagaa waliosagwa. Akishapata hivyo ndiyo boga au mchicha ulioiva vizuri. Wanga mwisho, kama pamebaki nafasi, na mara nyingi haibaki. Asipopata protini ya kutosha mwili unakula misuli yake wenyewe, mtu anapungua kilo lakini anakuwa dhaifu, hata ngazi zinamshinda.

Mama Zuleikha: Nimeandika. Changu wa kupaka, tui jepesi, pilipili kidogo, nitamtoa miba kwa mkono wangu.

Kombo: Da Rehema shikamoo. Mzani unasemaje? Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji uliniambia unashuka kwa kasi.

Rehema: Marahaba. Nilianza na 126, nikafika 113. Tangu hapo umesimama. Kila asubuhi napanda, 113. Juzi nimekaa chooni nikajiuliza kama nimekatwa bure. Natapika, nywele naambiwa zitapukutika, chakula sijui utamu wake, halafu mzani hausogei.

Kombo: Tuanze gym basi. Jioni nakufuata, tunabeba vyuma kidogo.

Mwanaidi: Kombo, asibebe chochote! Wiki sita za mwanzo habebi kizito, hata ndoo ya maji imkalie mbali. Atapata henia.

Na wewe Da Rehema nisikilize. Mzani kusimama mwezi wa pili kunawapata wengi mno. Mwanzoni mwili ulitumia akiba ya wanga iliyokuwa kwenye ini na misuli, na akiba ile inakaa na maji, kwa hiyo maji yakatoka kwa wingi na kilo zikaanguka. Sasa mwili unajipanga upya. Mafuta yanaendelea kupungua hata mzani ukiwa umesimama. Usipande kila siku, panda mara moja kwa wiki. Chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno.

Mama Mkubwa: Gauni lake la kijani jana lilikuwa linamwelea. Nimeliona kwa macho yangu.

Mwanaidi: Haya, shahidi huyo.

Baba Mdogo Saidi: Nawasalimu wote. Mwanaidi, sema kweli bila kumpaka mtu mafuta. Huyu atafikia kilo ngapi? Mtaani watu wanadhani akifanyiwa hivi anatoka kama msichana wa miaka kumi na minane.

Mwanaidi: Shikamoo Baba Mdogo. Nasema kweli. Kwa upasuaji huu wengi hupungua kama robo ya uzito wote ndani ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Kwa 126 maana yake afike 95 hivi. Wengine zaidi, wengine pungufu. Sitini hafiki, na daktari hakumuahidi sitini. Ngozi italegea mikononi na tumboni, hiyo haiondolewi na mazoezi. Na baada ya mwaka wa pili kilo kadhaa huwa zinarudi, hata kwa aliyefuata kila kitu. Njaa nayo hurudi kidogo kidogo. Kwa hiyo huu mwaka wa kwanza ndiyo wa kujenga mazoea, njaa ikirudi imkute ameshazoea kula vingine.

Rehema: Tisini na tano. Niliambiwa hospitali, lakini kichwani nilikuwa nimejiwekea sabini. Najua kwa nini. Sabini ndiyo uzito wa picha yangu ya harusi.

Rehema: Lakini ngoja niseme na haya, maana nimelalamika tu. Vidonge vya presha daktari amevipunguza nusu. Usiku siamki tena nikikosa pumzi. Magoti bado yananiuma ila naswali nimesimama, miaka mingi nilikuwa naswalia kwenye kiti.

Mama Mkubwa: Allahu akbar. Hilo mbona hukuanza nalo?

Baba Mdogo Saidi: Sasa na mimi niulize langu. Sukari yangu mnaijua. Nimesikia upasuaji unaiondoa. Au lile puto wanaloweka hospitali ya Mloganzila?

Mwanaidi: Puto linapitishwa mdomoni kwa mpira wa kamera, hakuna kukatwa, linakaa tumboni kwa miezi kadhaa kisha linatolewa. Likitolewa na ulaji ukabaki ule ule, uzito unarudi. Upasuaji kwa sukari ya ukubwani unasaidia sana, kwa wengine sukari inashuka siku chache tu baada ya kutoka chumba cha upasuaji, kabla hata ya kilo kupungua. Hapo pana hatari yake: mtu akiendelea na insulini au vidonge vya glibenklamaidi kwa kiwango kile kile, sukari inashuka mno anaanguka. Daktari ndiye anapunguza dawa, si wewe mwenyewe. Na kwa wengine sukari hurudi baada ya miaka. Kaonane kwanza na daktari wako wa sukari, uende na vipimo vyako.

Baba Mdogo Saidi: Nitakwenda. Nimekuwa nikiogopa kuuliza.

Mama Mkubwa: Rehema, mgongo ukiuma nina diklofenaki hapa, zile za mjomba wako.

Mwanaidi: Usimpe mama! Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini ya maumivu, zote zinaweza kumtoboa vidonda. Akiumwa ni parasetamoli, zaidi ya hapo amuulize daktari wake. Na miti shamba ya kusafisha tumbo iwekwe mbali.

Mama Mkubwa: Haya nimezitupa. Na la mtoto je? Maana walikuwa wanatafuta.

Mwanaidi: Hilo linafurahisha, kwa sababu uzito ukishuka hedhi hutengemaa na mimba inaweza kushika upesi kuliko alivyozoea. Lakini asubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, mwili utulie kwanza, mtoto asikose virutubisho. Mengine ya hapo Da Rehema nakufuata pembeni.

Rehema: Njoo. Na vidonge vyangu navinywa, usiniulize.

Mwanaidi: Nakuuliza hivyo hivyo. Madini ya chuma unayaachanisha na kalsiamu?

Rehema: Chuma asubuhi, ila nakunywa na chai.

Mwanaidi: Chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kunywa na maji, chai baadaye. Kalsiamu iachane na chuma angalau saa mbili. B12 na vitamini D usiruke. Hivi ni vya maisha, si dozi ya kumaliza. Na damu inapimwa kila baada ya miezi michache mwaka huu, kisha kila mwaka. Nywele zikianza kutoka mwezi wa tatu au wa nne usiogope, hutoka kwa sababu uzito umeshuka haraka, na huota tena ukila protini yako.

Zuleikha: Mama mdogo, bibi harusi naomba kusema. Jumamosi utakaa meza ya nyuma yangu, karibu na mlango, upate upepo. Sahani yako itakuwa ndogo, ya pekee, ataleta mama mwenyewe, hakuna atakayepita na sinia. Mshereheshaji nimemwambia asikuite kwenye kulishana keki.

Mama Zuleikha: Na soda zote zitaishia meza ya pili. Gesi inamjaza, nimesoma.

Rehema: Sahani nusu ikibaki?

Mama Mkubwa: Itabaki. Atakayekuambia ongeza aje kwangu kwanza, nitakuwa nimekaa ubavuni mwako. Na wa kukuuliza kilo naye nitamjibu mimi. Wewe kazi yako kutafuna taratibu.

Rehema: Mama Mkubwa umeniliza.

Kombo: Kwa hiyo mazoezi ndiyo hamna?

Mwanaidi: Yapo. Kutembea, tangu siku ya upasuaji yenyewe tulimwamsha atembee ili damu isigande miguuni. Sasa dakika ishirini, thelathini, aongeze taratibu mpaka zifike dakika 150 kwa wiki. Wiki sita zikipita na daktari akiruhusu, hapo Kombo utamfundisha kusimama na kuketi kwenye kiti, kusukuma ukuta, baadaye vyuma vyepesi. Misuli inataka kazi na protini kwa pamoja.

Baba Mdogo Saidi: Mimi daktari wa sukari kaniambia nitembee, sijawahi kutembea. Rehema, kesho baada ya swala ya alfajiri nitakuwa getini kwako. Tutashuka Raskazone mpaka pwani, ukichoka tunakaa, tunarudi.

Rehema: Taratibu lakini baba, magoti haya.

Baba Mdogo Saidi: Yangu yana umri mkubwa kuliko yako. Beba chupa yako ya maji.