Noti zote ziko ndani ya skeli lakini besi na melodi zinagombana, nisaidieni

Biti_za_Kondele
Habari za jioni wadau. Niko Kisumu, natengeneza muziki wa haus kwa FL Studio, ile programu ya kutengenezea biti, kasi ni mapigo 120 kwa dakika. Skeli ni A maina, yaani vitufe vyeupe tupu vya kinanda: A B C D E F G. Besi inatembea A, A, G, halafu E, kila noti baa moja (mapigo manne). Melodi inapanda A, C, E, na kwenye baa ya nne inashika F ndefu. Hapo ndipo panapouma sikio. Nimekagua gridi yote, hakuna noti iliyo nje ya skeli.

Tena kuna nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, niliyorekodi kwa simu huko Dunga, mzee mmoja alinipigia. Peke yake ni tamu sana. Nikiiweka juu ya besi inasikika kama imelewa. Shida ni skeli ama ni masikio yangu? Jumamosi kuna DJ anataka kuijaribu.

KinandaNaks
Masikio yako ni mazima. Skeli inakupa orodha ya noti tu, haikwambii ni zipi zikae juu ya zipi. E na F zimepakana, kati yao ni nusu toni, hatua ndogo kabisa kwenye kinanda. Besi ikishika E, kila kinacholia juu yake kinapimwa na hiyo E mpaka baa iishe. F ikikaa hapo baa nzima, lazima ikwaruze. Ingekuwa imepita haraka tu ikaangukia E, hakuna mtu angelalamika.

Badilisha besi ya baa ya nne iwe D. D na F zinapatana vizuri. Ama uiache E, halafu melodi iende G.

Mluhya_Mkimya
Mnajisumbua. Toa B na F, ubaki na A C D E G. Kwa hizo tano hakuna nusu toni popote, hata ukibonyeza ukiwa na usingizi zinaelewana. Mimi biti zangu zote ni hivyo.

KinandaNaks
@Mluhya_Mkimya ndiyo maana biti zako zote zinafanana 😂 F inaongeza huzuni ya A maina, ukiitoa umebaki na wimbo wa kuchangamsha mkutano.

Biti_za_Kondele, jaribu na hii: besi E, melodi G-shapu, kile kitufe cheusi kati ya G na A. Iko nje ya skeli, lakini inapanda nusu toni tu kufika A, kwa hivyo sikio linasubiri baa ya kwanza irudi. Chunga kitu kimoja: nyatiti isipige G ya kawaida kwenye baa hiyo hiyo, utaleta ugomvi mpya.

DadaMiksa
Swali: unasikiliza kwa nini? E ya chini kabisa ya gita la besi ni kama hezi 41 (mitetemo kwa sekunde), A inayofuata ni 55. Spika ya simu haitoi hizo, na spika nyingi ndogo zinaanza kuchoka hapo. Ukisikia besi imepotea baa ya nne, ipandishe E oktava moja, iwe hezi 82. Na huko chini usiweke A na C pamoja, zinakuwa tope. A na E, ama A na A ya oktava ya juu, basi. C iachie melodi. Ijaribu kwa wufa ya matatu kabla ya Jumamosi, hiyo haidanganyi mtu.

OmeraStudio
Omera, kuhusu nyatiti wenzangu wamepita mbali. Skeli haina makosa hapo. Mpigaji anakaza nyuzi zake nane zifuate sauti yake ya kuimba, hana haja na A ya hezi 440 ambayo vinanda hufuata. Noti zake nyingine zinaangukia katikati ya vitufe viwili vya kinanda chako.

Pakua tuna ya gita kwa simu, yaani programu ya kupima noti, pima kila noti iliyo kwenye rekodi. Nusu toni moja ina senti 100. Ukikuta nyingi ziko chini kwa senti 30 hivi, teremsha besi na sintesaiza zote senti 30. Nyatiti usiiguse. Ukiilazimisha ifuate kinanda, ule mlio wa mzee utakufa, utabaki na gita la bei rahisi.

Biti_za_Kondele
Asanteni sana. D imekubali mara moja, ile F sasa inasikika kama nilikusudia. G-shapu pia ni tamu ila inafanya wimbo uwe wa kanisani kidogo, nitaiweka kwa brekdauni, pale ngoma zinapopumzika. Nyatiti nimepima: nyingi ziko chini senti 20 hadi 25, lakini uzi mmoja uko juu kama senti 40. Huo nifanyeje?

OmeraStudio
Huo uache ulivyo, ila besi isishike noti hiyo wakati unalia. Weka A pale chini ama unyamazishe besi nusu baa.

DadaMiksa
Nyamazisha. Watu watacheza zaidi ikirudi.